Asubuhi ya Tarehe 24 Juni: Jinsi Watu Walivyoipokea Kura ya Kujitoa Ulaya

(Hotuba hii niliitoa katika mkutano wa Waswahili wa Leicester na vitongoji vyake. Wengi walikuwa zamu hawakuweza kufika, wakaomba iandikwe yote. Nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni, ila picha za ukutani nimeziruka.)

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, habari za jioni. Nanyi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa hata usingizi hamjaugusa, Mungu awalipe. Mkisinzia sitakasirika.

Nimeombwa nizungumzie Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Mwenyekiti alipolitaja neno hilo, kuna mtu pale nyuma aliguna. Nimemsikia! Na nani hajachoka nayo? Basi sitawasomea vifungu vya mkataba, wala sitawaeleza ushuru wa forodha. Nataka tuangalie jambo moja tu: watu walivyolipokea tokeo. Walisema nini, walifanya nini, walitazamana vipi asubuhi ile na siku zilizofuata. Kura ilipigwa siku moja, mapokezi yake yamekula miaka. Mimi naona mapokezi hayo yameigawa nchi hii kuliko kura yenyewe.

Tukumbushane kidogo. Alhamisi, tarehe 23 Juni 2016. London na kusini mashariki mvua ilimwagika mpaka vituo vingine vya kupigia kura vikaingia maji, watu wakaelekezwa kwingine. Mliopiga kura mnakumbuka: ukumbi wa kanisa, kibanda cha mbao, penseli imefungwa kwa kamba, karatasi ina swali moja na visanduku viwili. Hata ile penseli ilizua maneno. Watu waliambizana waende na kalamu ya wino, eti alama za penseli zitafutwa usiku. Hebu fikirieni, nchi inayotutumia waangalizi wa uchaguzi kila tukipiga kura!

Saa nne usiku vituo vikafungwa. Nigel Farage mwenyewe, aliyeipigania kura ile miaka na miaka, akasema inaelekea upande wa kubaki umeshinda. Wafanyabiashara wa fedha nao walikuwa wameshaamini hivyo, paundi ikapanda hadi dola 1.50. Kisha likatoka tokeo la Sunderland: asilimia 61 wanataka kujitoa. Paundi ikaanza kuporomoka papo hapo, na kura zilikuwa bado zinahesabiwa. Kabla hakujapambazuka vizuri ilikuwa imeshuka chini ya dola 1.33, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1985. Kwenye saa kumi na dakika arobaini alfajiri, David Dimbleby wa BBC akatangaza kwamba Uingereza imeamua kutoka. Asubuhi hiyo hiyo Waziri Mkuu David Cameron akasimama mbele ya mlango wake, mkewe pembeni, akasema anaondoka. Waliotaka kujitoa milioni 17.4, waliotaka kubaki milioni 16.1. Asilimia 51.9 kwa 48.1.

Na sisi je? Simu za nyumbani zilianza kuita kabla ya chai. Swali la kwanza: "Sasa mtafukuzwa?" Swali la pili, siku mbili tatu baadaye: "Mbona hela safari hii imepungua?" Paundi mia mbili zilikuwa zile zile. Shilingi ndizo zilizokuwa chache.

Ndugu zangu, mshangao. Hapo ndipo nataka tuanzie. Watu 72 katika kila 100 walioandikishwa walipiga kura. Hawakuwa wageni wala hawakujificha. Ni majirani, ni watu wa kazini, ni dereva wa basi, ni mwalimu wa mtoto. Iweje nchi ijishangae yenyewe?

Tazameni ramani. Lambeth, kule London kusini, karibu asilimia 79 walitaka kubaki. Boston, Lincolnshire, karibu asilimia 76 walitaka kujitoa. Ukitoka Lambeth asubuhi kwa gari, chakula cha mchana unakula Boston. Lakini mtu wa Lambeth alikuwa akisema, "Simjui hata mmoja aliyepiga kura ya kujitoa," na mtu wa Boston akisema, "Simjui hata mmoja aliyetaka kubaki." Walikuwa wanasema uongo? Hapana. Walikuwa wanasema kweli tupu, na balaa lilikuwa hapo. Usiyemjua unambunia. Unampa sura, unampa sababu, unampa na tabia.

Msiwacheke watu wa Lambeth haraka. Mji wetu huu Leicester uliamua kubaki kwa asilimia 51.1. Tofauti ilikuwa chini ya kura 3,000. Maana yake kwenye foleni ya benki, kwenye safu ya msikiti, kwenye benchi la kanisa, ukimwona aliyechagua hivi, anayemfuata amechagua vile. Mlijua? Nani humu alijua?

Sasa, walioshindwa walifanya nini? Walilia, na sisemi hivyo kwa dharau. Kijana aliyepanga kwenda kufanya kazi Berlin alikuwa amepoteza kitu. Tarehe 2 Julai makumi ya maelfu waliandamana London. Na lilikuwapo ombi la saini mtandaoni, likitaka kura irudiwe kama mshindi hakufika asilimia 60 na waliojitokeza hawakufika 75. Lilipata saini zaidi ya milioni nne. Ombi lile mnajua liliandikwa na nani? Na mtu wa upande wa kujitoa! Alilifungua mwezi Mei, kabla ya kura, kwa sababu alidhani upande wake utashindwa. Wapinzani wake wakalikuta mlangoni, wakalivaa. Mwenyewe akabaki analalamika kwamba limetekwa.

Ila kilichouma zaidi ni maneno. Utafiti wa siku ile ya kura ulionyesha kwamba vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 73 walichagua kubaki, na wazee wa 65 na kuendelea, asilimia 60 walichagua kujitoa. Basi kikaanza: wazee wametuibia maisha yetu, wazee wangenyang'anywa kura. Mjukuu anamwambia bibi yake hivyo mezani! Wengine wakasema wajinga ndio waliopiga kura. Ikasambaa habari kwamba watu walianza kuuliza mtandaoni "Umoja wa Ulaya ni nini" baada ya vituo kufungwa, na nchi nzima ikacheka. Walikuwa wangapi walioandika swali hilo? Walikuwa wamepiga kura, au ni watoto wa shule? Hakuna aliyejali. Kicheko kilikuwa kimeshapata mtu wa kumcheka.

Nendeni nami Ebbw Vale, kwenye mabonde ya Wales. Baada ya kura waandishi wa habari walimiminika huko kama waendao maonyesho. Wilaya ile, Blaenau Gwent, ilichagua kujitoa kwa asilimia 62, kuliko nyingine zote za Wales. Na Ulaya ilikuwa imemwaga fedha pale: chuo kipya, barabara, reli ya abiria ya kwenda Cardiff iliyofunguliwa tena mwaka 2008. Kila mradi una kibao cha bluu chenye nyota za Umoja wa Ulaya. Magazeti yakauliza: hawa watu wana akili? Wamekata mkono unaowalisha! Na wageni wenyewe hawapo, ukitafuta Mpolandi pale unatembea mpaka miguu inauma.

Lakini pale chuo kilipojengwa, hapo hapo palikuwa na kiwanda cha chuma. Kilifungwa mwaka 2002. Kiwanda kile ndicho kilichokuwa mji; babu alifanya kazi pale, baba akafuata. Sasa mzee aliyefunga geti la kiwanda kwa mara ya mwisho anapita, anaona jengo la vioo na kibao cha nyota. Wewe unasoma "msaada." Yeye anasoma nini? Kibao kile kilimwambia wakubwa wa mbali wanaifahamu shida yake na wameona jengo linatosha. Mnaweza kusema kura yake haikuwa na faida kwake. Mimi pia naweza kusema hivyo. Ila kusema hakuwa na sababu, hapana. Alikuwa nayo, na hakuna aliyeifuata kwake kabla ya tarehe 23 Juni.

Tuje kwetu, maana hapa napo pana mambo. Mnakumbuka sheria ya nani apige kura? Raia wa Uingereza, raia wa Ireland, na raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali. Kwa hiyo Mtanzania mwenye viza, kura anayo. Mkenya anayo, Mganda anayo, Mnyarwanda anayo, maana Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Mrundi hana. Mkongomani hana. Mfaransa aliyekaa London miaka ishirini na kusomesha watoto hapa hana!

Mnazifahamu familia za Kisomali zilizohamia Leicester kutoka Uholanzi. Najua nyumba moja, mume ana pasipoti ya Uholanzi, mke mzaliwa wa Mombasa ana ya Kenya. Hatima iliyokuwa inaamuliwa ni ya mume: akae au asikae, kwa karatasi gani. Anayeruhusiwa kuiamua ni mke! Siku ile bwana alimsindikiza bibi mpaka mlango wa kituo, akasimama nje chini ya mwavuli. Nilipowauliza bibi alichagua nini, bwana akasema, "Mpaka leo hajaniambia." Mama yule yumo humu ndani anacheka, naomba msigeuke kumtafuta.

Na wapo wetu waliochagua kujitoa. Tusifichane. Wapo, na si wachache. Mwenye mgahawa aliambiwa kwamba Wazungu wa Ulaya wakibanwa, mpishi wake atapata viza. Maneno hayo aliyasema hadharani Priti Patel, waziri wa wakati ule, ambaye familia yake ilitoka Uganda. Mwingine alichoka kuona mama yake ananyimwa viza ya kuja harusini wakati jirani anamleta shangazi kutoka Bucharest kwa tiketi ya basi. Mwingine alikuwa na hasira na Cameron tu. Ile kura ilikuwa kapu moja: muhogo ndani, samaki ndani, mkaa ndani. Ukilibeba unahisi uzito, hujui kilichomo mpaka umwage.

Halafu tujikumbushe tuko mji gani. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije hapa, mji umejaa. Wakaja. Na miaka arobaini na ushee baadaye, watoto wa waliokuja walisimama foleni moja nasi kuamua nani mwingine aje. Wengine waliamua imetosha. Mimi sikushangaa sana. Aliyeingia ndani mvua ikinyesha ana haraka ya kufunga mlango.

Walioshinda nao walipokeaje? Wengi walifurahi kistaarabu, wakanywa, wakarudi kazini Jumatatu. Tuwatendee haki. Lakini wapo waliosikia tokeo wakadhani wamepewa kibali. Siku ya pili tu, Huntingdon, karibu na shule, ziliokotwa kadi zimeandikwa kwa Kiingereza na Kipolandi kwamba wadudu wa Kipolandi waondoke. Kadi ile iliandikwa, ikatafsiriwa, ikachapwa, ikalindwa isilowe. Mtu alikaa mezani akaifanya kazi. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba makosa ya chuki ya rangi na dini yaliyoripotiwa Julai 2016 yalizidi ya Julai iliyotangulia kwa asilimia 41. Na chuki haiulizi pasipoti. Wetu waliambiwa "rudi kwenu" kituoni na watu wasiojua kwamba Dodoma haimo Umoja wa Ulaya. Tusisahau pia kwamba wiki moja kamili kabla ya kura, tarehe 16 Juni, mbunge Jo Cox aliuawa mchana kweupe Birstall, akienda kuonana na wapiga kura wake.

Hammersmith, jumba la utamaduni la Wapolandi lilikutwa limechorwa matusi mlangoni. Aliyechora alikusudia nini, watu walibishana. Maua yalifika hata hivyo, mpaka sakafu ya mapokezi ikajaa. Wazungu wa mtaani, watu ambao hawakuwahi kuingia jumba lile, waliandika kadi wakileta. Haya nayo ni mapokezi, nayo yaandikwe.

Scotland sitaikalia. Asilimia 62 walitaka kubaki, na asubuhi ile ile Nicola Sturgeon, kiongozi wa serikali ya huko wakati ule, akaanza habari za kura nyingine ya uhuru. Ireland Kaskazini nayo ilitaka kubaki, na huko posta ziliishiwa fomu za pasipoti ya Ireland. Mbunge Ian Paisley, mtoto wa yule mhubiri aliyeipinga serikali ya Ireland kule Dublin kwa miaka mingi, aliwashauri watu wake wachukue pasipoti hiyo kama wanastahili kuwa nayo. Cheka, lakini pasipoti ni pasipoti.

Mtaniuliza: sisi wa Afrika Mashariki, haya yanatuhusu nini? Julai 2016 Tanzania ilisimama ikakataa kusaini mkataba wa biashara na Ulaya, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo, kwamba Uingereza inatoka na hali haieleweki. Kenya, yenye maua na chai ya kuuza, ikasaini Septemba, kisha Desemba 2020 ikasaini mkataba wake na Uingereza peke yake. Majirani wawili, habari moja, mapokezi mawili.

Na kuvunja umoja sisi tunakujua. Wazee mliokuwapo 1977, mliulizwa? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika bila karatasi wala penseli. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Kugawana mali kulihitaji msuluhishi kutoka Uswisi, na mkataba wa mgawanyo ukasainiwa 1984. Mjomba wangu alikuwa fundi wa reli ya Jumuiya. Vichwa vya treni viligawanywa, ndege ziligawanywa, mafao yake yakabaki njiani. Mtakumbuka wastaafu wale walivyokuwa wakiandamana Dar es Salaam, wazee wenye mvi, miaka ya 2000 imeshaingia, wanadai haki ya jumuiya iliyokufa zamani. Kwa hiyo 2016, watu walipoambiwa kutoka Ulaya ni jambo rahisi, mimi niliwaza mafaili ya mjomba chini ya kitanda. Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na mabishano ya nani anadai nini yanaendelea.

Niwape hadithi ya mwisho, na mwenyewe kaniruhusu ila jina tuliache. Ni binti wa Kilifi, baba yake mvuvi. Alikuja kwa viza ya kuhudumia wazee. Wangapi humu mmekuja kwa viza hiyo? Inueni mikono. Eeh, angalieni ukumbi! Waliopiga kura wageni wapungue, lakini baadaye, katika mwaka ulioishia Juni 2023, walioingia walizidi waliotoka kwa zaidi ya watu 900,000, na wengi wao si wa Ulaya. Wengi wao ni nyinyi.

Binti huyu alipangiwa mzee wa Grimsby, kusini mwa mto Humber. Kule waliochagua kujitoa ni kama 70 kwa 100. Ofisini walimwonya: huyo mzee ni wa Brexit, atakusumbua. Akaenda kwa uoga. Wiki ya kwanza wanaangaliana tu. Wiki ya pili anamkaangia samaki, mzee akamwambia umekata vibaya, akamwonyesha kisu kinavyopita kando ya mfupa. Binti akamwambia kwetu tunapitisha kutoka mkiani. Basi wakaanza.

Mzee alikuwa mvuvi wa bahari ya kaskazini. Akamsimulia bandari ilivyojaa mashua, ungeweza kuvuka ng'ambo ukikanyaga sitaha bila kulowa kiatu. Kisha Iceland ikajitanua mpaka maili 200 baharini, Uingereza ikashindwa ule mgogoro mwaka 1976, mashua zikauzwa, nyingine zikakatwa vyuma chakavu. Binti akamuuliza, "Sasa Iceland haimo Umoja wa Ulaya. Mbona uliwaadhibu wengine?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, ndiyo iliyogawa kilichobaki, na ikampa kila mtu ila Grimsby. Binti akamuuliza asubuhi ile ya tokeo alishangilia? Mzee akasema hapana, alichemsha chai, akasema tuone. Je, umeona? Akajibu kwamba walimuuza mara ya pili: mkataba wa 2020 ukawaachia Wazungu wa ng'ambo samaki, na makubaliano ya Mei 2025 yakawaongezea ruhusa mpaka 2038. Habari za wageni, binti anasema, hakuzigusa hata siku moja.

Halafu mzee akamgeuzia kibao: "Na wewe ungepiga vipi?" Binti akamwambia, "Babu, mimi mwaka ule nilikuwa Kilifi, natayarisha mtihani wa darasa la nane."

Haya, muda wangu mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali yaanze na vijana, na kwanza nyinyi mliokuwa na miaka 16 na 17 mwaka ule, Bunge likakataa msipige kura. Kipaza sauti hicho hapo mbele. Wazee tutangoja zamu yetu.